Mtungi Wenye Alama ya Ng'ombe wa Baba

Sisi husema tunakwenda kujaza gesi. Tumelizoea neno hilo kiasi kwamba hatulisikilizi tena. Ukweli ni kwamba pale dukani hakuna anayejaza kitu. Unafika na mtungi mtupu, muuzaji anauweka nyuma ya duka, anakupa mwingine uliojaa wa rangi ileile, yaani wa kampuni ileile, unaondoka. Ule wako umekwenda zake. Utapakiwa kwenye lori pamoja na wenzake, utajazwa huko mbali, pengine utapigwa rangi upya, kisha utaishia jikoni kwa mtu usiyemjua, labda Tabora, labda Babati. Kwa hiyo hakuna haja ya kuchagua mtungi kwa kuupenda sura. Ulicholipia ni nafasi ya kuwa na mtungi wowote wa rangi hiyo, na nafasi hiyo haipotei hata ubadilishe mara ngapi.

Jambo hili nimelieleza kwa watu wengi. Kazi yangu yote imekuwa kueleza. Nilikuwa mtaalamu wa ufugaji nyuki serikalini mpaka nilipostaafu, na tangu hapo vikundi vya wafugaji huniita niwafundishe kuchuja asali na kuyeyusha nta. Nimeeleza habari za mitungi Itigi, nimeeleza Rungwa, nimeeleza Ikungi kwa akina mama waliokuwa wakiogopa hata kuishika. Mtu mmoja tu sikumweleza, naye ni mama yangu mzazi.

Niseme kwanza kuhusu gari, maana bila gari nisingehitaji mtungi wa safari. Ni Hiace ya zamani. Niling'oa viti vya nyuma, fundi seremala wa Singida mjini akanitengenezea kitanda chembamba, kabati, na meza ya kukunja. Kwenye kona nyuma ya kiti cha dereva akaweka boksi la mbao lenye matundu chini, na humo hukaa mtungi mdogo wa kilo sita, umefungwa mkanda usitikisike. Matundu yale ni muhimu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huenda chini, kwa hiyo ipe njia ya kutokea chini. Nikiegesha kijijini, naushusha mtungi nje, naweka jiko juu yake, napika. Kwa kuwa gari ni jeupe, kila kijiji kipya hunipokea kwa foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni, wakidhani ni kliniki ya chanjo. Nimeshazoea. Nawasalimia, nawaambia hapa chanjo hakuna, kuna nyuki tu, na wengine hubaki kusikiliza habari za nyuki kwa kuwa wameshafika.

Safari ninayoikumbuka hapa ilianzia Ilongero, nyumbani kwa mama. Nilikuwa nimelala kwake ili asubuhi niondoke kwenda Rungwa. Nikiwa nachemsha chai uani, moto wa bluu ukageuka wa njano, ukarukaruka, ukazima. Nikapiga simu kwenye maduka matatu mjini. Wote walinijibu kwamba rangi yangu imeisha mpaka gari la mzigo lije. Nami Rungwa watu walikuwa wananisubiri na masega yao yameshavunwa.

"Mchukue wa baba yako," mama alisema.

Mtungi huo ulikuwa ndio kitu cha mwisho baba kumnunulia. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari akamwonya kabisa asikae kwenye moshi. Baba, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa ng'ombe na uwele, akaenda mjini kwa bodaboda akarudi ameukumbatia mtungi wa gesi. Alipoushusha tu, akachukua tupa akakaa chini akaanza kukata alama kwenye kitako, ile pete ya chuma ambayo mtungi husimamia. Mikato miwili iliyokaribiana, na mmoja umekaa peke yake. Ndiyo alama aliyokuwa akiikata kwenye masikio ya ng'ombe wake wote. Nilimgombeza siku ile. Nilimwambia tupa na gesi havikai pamoja, cheche moja tu inatosha. Akanijibu, "Mwanangu, kitu kisicho na alama ni cha yeyote anayekiokota." Miezi michache baadaye akafariki. Mama akawa anautumia ule mtungi kwa chai ya asubuhi na uji tu, kwa kubania, na gesi aliyoinunua baba ilikuwa bado haijaisha.

"Nikiuchukua, wewe utapikia nini?" nilimuuliza.

"Kwani mimi nilizaliwa na gesi?"

"Daktari alisema nini kuhusu moshi, mama?"

"Alisema nisikae kwenye moshi. Sitakaa. Nitapika nimesimama."

Nikacheka, naye akacheka. Akaufuta mtungi vumbi kwa upindo wa khanga, akanishikia mlango wa gari.

"Utamrudisha?"

"Nitakurudishia umejaa kabisa."

"Sijauliza kujaa. Nimeuliza utamrudisha?"

"Nitamrudisha, mama."

Nilisema vile kwa kuigiza maneno yake, kama utani. Mama huzungumza Kiswahili chake akikitoa kwenye Kinyaturu, na kitu akikipenda hukiita "huyu". Redio yake ni "huyu". Sikulitilia maanani.

Rungwa nilikaa siku tatu. Kuyeyusha nta si kazi ngumu ila inataka moto unaotii. Unaweka masega kwenye sufuria la maji, unapasha polepole, nta inaelea juu, unaichuja kwa gunia safi. Moto wa kuni ukipanda ghafla, nta inaungua na kuwa nyeusi, na mnunuzi hataki nta nyeusi. Ndiyo sababu hupenda kuwaonyesha kwa gesi kwanza, wauone moto mdogo unavyotosha, kisha tunarudi kwenye kuni na kuuiga. Mzee mmoja wa kikundi, mwenye mizinga ya magogo mingi kuliko wenzake wote, alisimama ameshika kiuno akitazama.

"Mwalimu, nta yangu haijawahi kuona moto wa bluu. Isije ikagoma."

"Haitagoma, mzee. Itashukuru."

"Ikishukuru niite nisikie."

Siku ya mwisho gesi ilikuwa inaelekea kuisha. Ukitaka kujua imebaki kiasi gani, mwagia ubavu wa mtungi maji ya moto, kisha upapase kuanzia juu kwenda chini. Palipo na gesi ya maji ndani pana ubaridi, na palipo wazi pana joto. Mkono wangu ulikuta ubaridi chini kabisa, karibu na ile mikato ya baba. Kabla ya mchana ikaisha.

Kutoka Rungwa nilikuwa na ahadi nyingine na kikundi cha Kintinku, kule chini unaposhuka mteremko baada ya Manyoni. Hapo barabarani palikuwa na duka la unga, sabuni na gesi, na mitungi ya rangi ya ule wa mama imepangwa mbele. Mwenye duka, mwanamume wa makamo mwenye maneno mengi, aliupokea mtungi wangu akautazama na kutikisa kichwa.

"Dada, huyu wako amechoka. Mimi nakupa bibi harusi."

Kweli, alinipa mtungi unaong'aa, rangi mpya, bila kutu hata kidogo. Nilikagua ule mpira mdogo wa ndani ya mdomo wa valvu nikaukuta mzima, nikapaka povu la sabuni kuona kama panatoka mapovu, hapakutoka. Nilifurahi. Nilikumbuka kwamba mama aliwahi kulalamikia kutu ya mtungi wake, nikajisemea atapenda. Mikato ya baba haikunijia akilini hata mara moja. Nimejaribu sana kujikumbusha, labda niliiwaza kidogo nikapuuza. Hapana. Nilikuwa nimechoka, mikono inanata nta, na nilifanya nilichozoea kufanya kila mahali.

Kesho yake jioni nilifika Ilongero. Nikaubeba mtungi mpaka jikoni kwa mama kama mtu aliyeleta zawadi.

"Shikamoo mama. Nimekurudishia, umejaa."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

Aliinama. Macho yake hata baada ya upasuaji hayaoni vizuri vitu vya karibu, kwa hiyo hutumia vidole. Akauinamisha mtungi kidogo, akapitisha vidole chini ya kitako, akazunguka nao mzunguko mzima. Akazunguka tena.

"Huyu si yeye."

"Mama, ni uleule wa aina yake. Ni mpya zaidi."

"Wa baba yako yuko wapi?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza vizuri sana, kama ninavyoeleza siku zote: duka, lori, kiwanda, rangi. Nikamweleza kwamba hakuna hasara yoyote, kwamba hata mitungi ya watu wote nchini huenda na kurudi hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Kwa hiyo umempeleka wa baba yako, ukachukua wa mtu."

Kwa mara ya kwanza nililisikia lile "huyu" lilivyokuwa. Kwa mama, kitu chenye ile mikato kilikuwa ng'ombe wa baba. Na ng'ombe ukimwazima kwa kazi, humrudishi mwingine ukasema wote ni ng'ombe.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Aliusukuma mtungi mpya ukutani, akaufunika kwa gunia, akaenda kuwasha kuni. Asubuhi yake vilevile. Siku ya pili macho yake yalikuwa mekundu, machozi yanatiririka, na kila nilipomwambia atumie gesi alijibu, "Ya watu." Hapo ndipo nilipoogopa. Upasuaji ule ulikuwa umemgharimu baba usingizi na mama miezi ya kukaa gizani, nami kwa kutofikiri nilikuwa nimemrudisha kwenye moshi.

Nikampigia mwenye duka wa Kintinku.

"Kaka, lori la mitupu limeshapita?"

"Bado, linakuja Ijumaa. Kuna nini? Bibi harusi anavuja?"

"Havuji. Namtafuta yule aliyechoka."

"Dada, unataka kurudisha mtungi uliojaa uchukue mtupu?"

"Nakuja na mama yangu. Tafadhali usiruhusu upakiwe hata mmoja."

Tuliondoka Alhamisi asubuhi, mama amekaa mbele, mtungi mpya umefungwa nyuma kwenye boksi lake. Safari nzima mama alikuwa mchangamfu kuliko nilivyotarajia. Alikagua mashamba ya alizeti ya watu, akasema hili limechelewa kupaliliwa, lile mwenyewe mvivu. Tulipoanza kushuka mteremko akashika dashibodi kwa mikono miwili. "Na gari lako hili lenye kitanda, breki nazo zinalala?" Nikamwambia ziko macho. Akasema atashukuru tukifika.

Mwenye duka alikuwa ametusubiri. Alipomwona mama aliinama. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Ng'ombe wetu yuko wapi?"

Alinitazama. Sikumweleza kitu, nikamwonyesha tu kwa kichwa nyuma ya duka. Huko mitungi mitupu ilikuwa imepangwa kama thelathini hivi, mingine imelazwa juu ya mingine, karibu yote ya rangi moja. Nilitaka kuanza kuitafuta mimi, mama akanizuia. Akaomba kreti ya soda, akaigeuza, akaketi. Mwenye duka akawa anamletea mmoja mmoja, anauinamisha, mama anapitisha vidole chini.

"Siye."

"Huyu je, bibi?"

"Siye. Huyu ameanguka mahali, ana pengo."

"Bibi unakagua kama uko mnadani."

"Mnadani watu wanatazama meno. Mimi natafuta wa kwangu."

Akaleta mwingine na mwingine. Wateja wawili wa unga wakasahau unga wao wakasimama kutazama. Ulipofika kama wa ishirini, vidole vya mama vilisimama. Vikarudi nyuma, vikaenda mbele. Miwili iliyokaribiana, mmoja peke yake.

"Huyu," alisema. Akaacha mkono wake pale chini.

Nikamwambia mwenye duka haraka, kabla hajasema neno la kupinga, kwamba nitamlipa thamani ya mtungi ule kama mpya, mama aende na yote miwili, mmoja wa kupikia na huu wa kuweka. Akasema hilo linawezekana. Kwangu mimi jambo lilikuwa limekwisha. Lakini mama hakunyanyuka.

"Mjukuu wangu, nikimpeleka nyumbani huyu, akajazwa, nitarudishiwa yeye?"

"Hapana bibi. Akienda kujazwa anachanganyika na wenzake. Atarudi mwingine."

"Na asipojazwa?"

"Atakaa tu ndani."

"Atakaa afanye nini?"

Mimi nilijua swali lile limetoka wapi. Baba hakuwa na ng'ombe wengi zizini. Wengi walikuwa kwa watu. Akiona nyumba ina watoto na haina maziwa, alipeleka ng'ombe akae kwao. Maziwa wanakunywa wao, wanamchunga wao, na ng'ombe anabaki wa baba kwa alama yake. Hakuwa akiandika popote. Alipita siku mojamoja kumtazama, anapapasa sikio, anakunywa maziwa anayokaribishwa, anarudi. Kitu kilichomkera baba kuliko vyote kilikuwa ng'ombe wa maziwa kukaa mahali ambapo hakuna wa kumkamua.

"Wewe ni wa wapi?" mama akamuuliza mwenye duka.

"Hapahapa, bibi. Mgogo."

"Kwenu mnawekeana ng'ombe?"

"Tunawekeana sana. Mimi nimekunywa maziwa ya ng'ombe asiye wetu mpaka nimemaliza shule."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaninyooshea mkono nimwinue. Akausogeza ule mtungi kwa mguu, taratibu, mpaka ukawa mbele ya yule mtu. Kisha akasema kama nilivyomsikia baba akisema nilipokuwa mdogo, pale anapomkabidhi mtu ng'ombe na kumtajia tabia zake.

"Huyu ni wa mzee wangu. Hana ukorofi. Moto wake umetulia. Asilazwe, akae wima. Popote atakapokwenda, wapike, wale."

Lile la kutolazwa nilimfundisha mimi.

Mwenye duka akavua kofia. Sikumwona akicheka tena. "Nimempokea, bibi," alisema. "Nami nitamwambia dereva wa lori amshike vizuri."

Wale wateja wa unga wakapiga makofi kidogo, mmoja wao akasema sasa na sisi tupewe unga wetu. Mama akamwambia asingoje tena, yeye hana ng'ombe mwingine wa kukabidhi.

Tulirudi Ilongero na mtungi uleule mpya. Mama aliliweka kando lile gunia, akaniambia niuweke pale ulipokaa wa baba, akawasha mwenyewe kwa kiberiti, akichelewesha gesi kama nilivyomwonyesha: kwanza njiti, ndipo ufungue. Akapika uji. Kwa siku chache macho yakapona wekundu. Sasa anapikia gesi kila kitu, hata ugali, na haibanii tena, na hilo limenishangaza kuliko yote. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Huyu si wa kuwekwa. Akimaliza anakwenda."

Nilijifunza kitu kuhusu kazi yangu pia, na nakisema bila aibu kwa yeyote anayefundisha wengine. Siku hizi, kabla sijamweleza mtu jinsi mitungi inavyobadilishwa, namuuliza kwanza ule alionao ni wa nani. Mara nyingi hucheka na kusema ni wangu, wa nani tena. Lakini wapo wanaonyamaza kidogo, na hao nawaeleza polepole zaidi.

Kwa mama, gesi ikiisha, napeleka mtungi mwenyewe na kumletea mwingine. Nauweka jikoni, nangoja. Huwa haanzi kupika kabla hajauinamisha na kuzungusha vidole chini ya kitako.

"Vipi?" huwa namuuliza.

"Bado hajarudi," anasema. Halafu anachukua kiberiti.